Mtoto Wako Anacheza? Mafundisho kwa Wamama Siku ya Kupima Watoto

Ninawaona wababa wawili pale nyuma. Msijifiche, kwa sababu maneno ya leo yanawahusu ninyi vile vile.

Kila mara mnapoleta watoto kwenye mzani tunawauliza maulizo yale yale. Mtoto ananyonya? Anakula? Anahara? Alipata chanjo zote? Usiku analala ndani ya musikitere? Ninyi mnajibu, sisi tunaandika kwenye karti. Hayo ni maulizo mazuri, tutaendelea kuyauliza. Lakini kuna ulizo moja ambalo mimi sikuliuliza kwa miaka mingi, hata nilipokuwa nimekwisha kufundisha wengine kazi hii. Ulizo lenyewe ni hili: mtoto wako anacheza?

Wengine mnacheka. Mnasema, “Muganga, michezo ni kitu cha kufundisha watu wazima? Tuliacha mashamba tuje kusikia juu ya michezo?” Ngojeni nieleze kwanza namna mimi mwenyewe nilivyofundishwa.

Nilipokuwa kijana, nimetoka tu kumaliza masomo ya uuguzi, nilitumwa kwenye hospitali moja, nikapewa chumba cha watoto wenye bwaki. Mnaijua bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu na kunyofoka, ngozi inababuka, mtoto analia sauti ndogo au halii kabisa. Nilitaka chumba changu kiwe safi na kimya. Mtoto akiingia na kibuyu au kopo, nilikinyanganya na kukitupa nje. Dada wa mgonjwa akija kuimba na kupiga makofi karibu na kitanda, nilimfukuza. Nilisema, “Hapa ni hospitali, si uwanja.” Nilifikiri ndiyo kazi nzuri.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa miaka karibu mitatu. Alikuwa analindwa na tate yake, nyanya mzee aliyetoka mbali kwa miguu. Tulimpa maziwa, tukampa dawa, uvimbe ukashuka, uzito ukaanza kupanda. Kila asubuhi nilionyesha karatasi yake kwa munganga mkubwa kwa furaha. Lakini yule mzee hakufurahi. Siku moja akaniambia, “Muganga, mutoto iko anakula, lakini haiko anacheza. Ile si mutoto yangu bado.” Nilimjibu kwa haraka kwamba uzito unapanda, ashukuru. Siku ya pili yake nikakuta ameficha chini ya kitambaa kopo la nyanya lenye mawe madogo ndani yake. Anatikisa upande huu, mtoto anageuza macho. Anatikisa upande ule, mtoto anageuza kichwa. Nilitaka kulinyanganya. Kabla sijanyoosha mkono, mtoto akanyoosha wake. Akalishika. Akalitikisa. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu alipofika kwetu.

Sikulichukua lile kopo. Tangu siku ile mtoto alianza kuomba chakula mwenyewe, akaanza kushuka kitandani. Mimi nilibaki na haya, kwa sababu mzee asiyejua kusoma aliona kitu ambacho mimi mwenye cheti sikukiona.

Baadaye nilikuta ya kwamba jambo hili limeandikwa katika vitabu vya kazi yetu. Shirika la Afya la Dunia, ambalo watu wanaliita OMS, lilitoa mwaka 1999 kitabu cha kufundisha namna ya kuponya watoto wenye utapiamlo mkali. Pamoja na maziwa na dawa, kinaagiza kwamba mtoto apewe upendo na michezo, dakika 15 hadi 30 kila siku pamoja na mtu mzima, na vitu vya kuchezea vinavyotengenezwa kwa vitu vya bure. Yaani kopo la yule tate ni dawa iliyoandikwa.

Juu ya nini iko hivyo? Mwili wa mtoto ni kama nyumba yenye unga kidogo. Unga ukipunguka, mama anaacha kwanza mambo yasiyo ya lazima. Vile vile mtoto ambaye hana chakula cha kutosha, au aliye na homa, mwili wake unaweka nguvu kwa ajili ya moyo na pumzi, na mchezo ndio unaachwa mbele ya mambo mengine. Kwa hiyo mtoto anayeacha kucheza anakupa habari kabla mzani haujasema. Mama anayemwona mtoto wake amekaa kimya siku mbili, hakimbii na wenzake, asingoje siku ya kupima. Alete mtoto.

Na kuna sababu ya pili. Ubongo unakua upesi sana katika miaka ya kwanza. Mtoto akifika miaka miwili, ubongo wake umefika karibu sehemu nne kwa tano za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Chakula kinaujenga, lakini kuona, kusikia, kushika, kuanguka na kuamka tena, kujibiwa na mama, ndiyo mambo yanayoufundisha. Katika mji wa Kingston, inchi ya Jamaika, waganga walianza mwaka 1986 kufuata watoto 129 waliokuwa wafupi kwa sababu ya kukosa chakula cha kutosha. Watoto hao walikuwa na miezi 9 hadi 24. Kwa wengine kati yao mfanyakazi wa afya alikuwa akifika nyumbani mara moja kwa juma, saa moja tu, kwa miaka miwili, akimfundisha mama namna ya kucheza na mtoto. Miaka 20 baadaye wakawatafuta. Wale waliochezewa walikuwa wanapata feza za kazi zaidi kuliko wale ambao hawakuchezewa, karibu robo moja zaidi. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2014. Fikirini basi: mchezo wa mtoto mdogo ulifika mpaka kwenye mshahara wa mtu mzima!

Sasa tutenganishe maneno, kwa sababu watu wanachanganya mambo manne na kuyaita yote “michezo.” Kuna mchezo wa mtoto wenyewe. Kuna maburudisho. Kuna mazoezi ya mwili, yale watoto wa masomo wanayaita jimunastiki. Na kuna mashindano, ndiyo spori.

Nitatumia nzango, kwani naona ninyi wote mlicheza nzango mlipokuwa wasichana. (Msikatae, nimewaona wengine wakiruka hapa uwanjani wiki iliyopita wakati wa kungoja karti.) Wasichana wanasimama mistari miwili, wanatazamana. Wawili wanatoka mbele, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na mwisho kila mmoja anatoa mguu. Mguu ndio unaamua nani amepata.

Watoto wakiruka nzango nyuma ya nyumba, hakuna aliyewatuma. Wanaanza wanapotaka, wanagombana juu ya sheria, wanaibadilisha sheria, wanaacha mama akiita. Huo ni mchezo. Hauna faida nyingine wanayoitafuta isipokuwa utamu wake wenyewe. Na sisi wakubwa tukiingia kuwaambia, “Ruka hivi, si hivyo,” mara nyingi utamu unaisha na mchezo unakufa.

Wamama wakimaliza kupalilia, jioni wakaruka nzango kidogo wakicheka, hayo ni maburudisho. Mtu aliyechoka na kazi na mashaka anarudisha nguvu zake. Si lazima iwe kuruka. Kuimba pamoja, kucheza kisoro chini ya mti, kusuka nywele kwa masimulizi, yote ni maburudisho. Jambo kubwa ndani yake ni kupumzika kwa kazi.

Mwalimu wa masomo akichukua kalasi nzima, akisema, “Leo tutaruka nzango dakika 20 ili miguu na mapafu yapate nguvu,” akahesabu, akaangalia yule mnene na yule mwoga wote waruke, hayo ni mazoezi ya mwili. Ni fundisho kama hesabu. Hayamngojei mtoto apende. UNESCO iliandika mwaka 1978 kwamba mazoezi ya mwili ni haki ya kila mtu, na kwetu yanawekwa kwenye ratiba ya masomo, lakini mara nyingi saa ile inaliwa na mambo mengine. Mwalimu akimtuma mtoto wako kuchota maji au kulima shamba lake wakati wa jimunastiki, mzazi aulize kwa heshima. Kulima si jimunastiki.

Na tena nzango imekuwa spori. Katika Kinshasa na Brazzaville kuna vilabu vya wamama na wasichana, wenye nguo za timu, na mwamuzi mwenye filimbi, na pointi zinazoandikwa, na mashindano. Mchezo wa nyuma ya nyumba umepata sheria zisizobadilika, mshindi na mwenye kushindwa. Hiyo ndiyo alama ya spori.

Kwa hiyo mnaona, miguu inaruka namna moja. Kinachotofautiana ni hiki: nani ameanzisha, na kwa sababu gani.

Sidharau spori hata kidogo. Baba zenu watawaambia habari za Mazembe, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto katika Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi. Ilishinda kikombe cha vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, tena mwaka 2009, 2010 na 2015, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya vilabu vya dunia, kule Abu Dhabi. Ilifungwa na Inter ya Milano, lakini siku ile hata mimi niliacha kazi kusikiliza redio. Mwaka 1974 inchi yetu, ambayo ilikuwa inaitwa Zaïre, ilikuwa ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Spori inafundisha kijana kutii filimbi, kushindwa pasipo kupigana, na kuacha pombe kama anataka kukimbia. Ni faida kubwa.

Lakini ninaona wazazi wanaofikiri mtoto asiyekuwa mshindi amepoteza wakati. Mtoto wa miaka mitano anapigiwa kelele uwanjani na baba yake kama mchezaji wa kulipwa. Hiyo si sawa. Kati ya watoto mia wanaopiga mpira wa majani ya migomba, pengine hakuna hata mmoja atakayelipwa feza kwa mpira. Lakini wote mia watapata mifupa yenye nguvu, moyo wenye nguvu, na usingizi mzuri. OMS inasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji kukimbia na kucheza kwa nguvu karibu saa moja kila siku. Wengi wa vijiji wanapita kipimo hicho. Wale wa mjini, wenye kukaa mbele ya televisheni na telefone, hawakifikii.

Turudi kwa wadogo, kwa maana mnao mikononi. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa, mlaze kwa tumbo juu ya mkeka akiwa macho, wewe ukiwa karibu, kidogo kidogo mara nyingi, ili kwa siku ifike nusu saa. Shingo na mgongo vitapata nguvu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mine anahitaji masaa matatu ya kujongea katika siku nzima, si mfululizo. Na hapa nina neno ambalo halitawapendeza. Tunawafunga watoto mgongoni kwa kikwembe tangu asubuhi mpaka mangaribi. Mgongo wa mama ni mzuri, mtoto anasikia joto na moyo wa mama, sisemi muache. Lakini mtoto mwenye afya asifungwe kupita saa moja pasipo kushushwa. Akishuka, atandikiwe chini ya kivuli shambani, ajongee, ashike majani, halafu apande tena. (Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyewekwa kifuani ngozi kwa ngozi, huyo ni mwingine. Fuateni maagizo mliyopewa kwenye uzazi.) Telefone haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili, hata kama inamnyamazisha.

Vitu vya kuchezea havinunuliwi. Kopo lenye mbegu ndani, lililofungwa sana. Vifuniko vikubwa ambavyo haviwezi kumezwa. Gunzi la mahindi lililovikwa kipande cha kitambaa ni mwana-sanamu. Sanduku la karatasi ni gari. Majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kamba ni mpira. Na kitu bora kuliko vyote ni uso wako: ficha uso kwa mikono, kisha fungua. Ongea naye unapochambua sombe au maharagi. Mwambie, “Hili ni kubwa, hili ni dogo, tia kwenye sahani.” Hiyo haikupotezei hata dakika moja ya kazi.

Wamama wengi wananiambia, “Muganga, mimi sina wakati wa kucheza.” Ninaamini. Ninyi mnaoamka saa kumi za usiku, mnaolima, mnaobeba mzigo mpaka soko, hamna lazima ya mazoezi ya mwili hata kidogo. Mnafanya zaidi ya askari. Mnachokosa ni maburudisho. Mwenye mimba anayelima mpaka siku ya kuzaa hahitaji kuambiwa aruke, anahitaji kuketi. Wababa wawili wa nyuma, mmesikia? Lakini mama wa mjini anayekaa dukani siku nzima, ambaye tunampima tansio na kuona imepanda, huyo ninamwambia atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Na mwenye mimba asiye na damu wala tansio anaweza kutembea vile vile. Aliyepasuliwa wakati wa kuzaa angoje mpaka tumwangalie.

Sasa neno ambalo linanichoma moyo. Saa kumi za mchana ninapopita mitaani, ninawaona wavulana wanapiga mpira. Wasichana wako wapi? Wako njiani na bidoni kichwani, na mdogo wao mgongoni. Msichana wa miaka minane analea kama mama, na usiku anaosha vyombo wakati kaka yake analala. Mimi nilikuwa msichana wa namna ile, mtoto wa kwanza kati ya saba. Nilijua kupika bugali mbele ya kujua kuruka kamba. Sikatai msichana asaidie kazi, kazi ni malezi. Lakini inchi yetu ilikubali mwaka 1990 mapatano juu ya haki za mtoto, na ndani yake, kifungo cha 31, imeandikwa kwamba kila mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haikuandikwa kila mvulana. Mpeni kaka bidoni siku tatu kwa juma. Hatavunjika shingo.

Juu ya hatari, maneno machache. Mtoto mwenye homa hachezi jua kali, analetwa hapa. Mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa SS anaweza kucheza, lakini anywe maji mara nyingi, apumzike kabla ya kuchoka, asibaki na nguo zenye maji ya mvua. Msimfungie ndani kwa woga, ila mwambieni mwalimu wake. Mpira usichezwe kandokando ya barabara ya magari, wala karibu na shimo la maji lisilofunikwa. Mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kula, kwani mchanga wa uwanja una mayai ya minyoo. Na mtoto akiokota chuma asichokijua, cha mviringo au cha mrefu, kilichobaki kwa sababu ya vita, asikiguse wala asikitupie mawe. Aache pale pale, arudi kwa njia aliyokuja nayo, aite mtu mkubwa. Kariri jambo hilo na watoto leo jioni, kwa maana tumekwisha kufunga mikono ya watoto ambao hawakuambiwa.

Tangu mwezi huu tutaongeza ulizo lile kwenye kupima: mtoto anacheza? Msijibu “ndiyo” kwa kutupendeza. Semeni anacheza nini, na nani, na mara ya mwisho mlimwona akicheka lini.

Wanafunzi wangu wameleta majani ya migomba na kamba, yako pale barazani, pamoja na makopo yaliyooshwa. Baada ya uji wa masoso kila mama atatengeneza kitu kimoja na kukipeleka nyumbani. Wenye watoto kwenye chumba cha bwaki waje wa kwanza. Wale ambao hawajapimwa, mzani uko chini ya mwembe.